Hadithi za Wagiriki na Maji ya Ferry Lane

Nimestaafu kiangazi hiki, na jambo la kwanza nililofanya ni kulala mpaka jua likanikuta kitandani. La pili ni hili. Walimu wenzangu vijana wa hapa London, wale tunaokutana Jumamosi kuwafundisha watoto wetu Kiswahili, wameniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu kazini. Nadhani walitarajia ushauri wa namna ya kulituliza darasa lenye kelele. Huo nautoa sasa hivi ili tumalizane nao: yajueni majina yao mapema, na msipaze sauti asubuhi, kwa sababu mchana mtaihitaji. Yaliyobaki ni habari za watu.

Mimi ni mtu wa Wundanyi, kule vilima vya Taita, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimewafundisha watoto wa Tottenham mambo ya Wagiriki wa kale. Najua inavyosikika. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuielewa kazi hii mpaka anafariki. Kila nikipiga simu aliniuliza, "Wakesho, bado unawafundisha Wazungu hadithi za Wazungu?" Nilimweleza kwamba wengi wa wanafunzi wangu walikuwa watoto wa Wanaijeria, Wakongo, Waturuki na Wajamaika. "Sasa hao ndio wanazihitaji zaidi?" akauliza. Nikamuuliza habari za ng'ombe.

Nyumbani nilikuwa mwalimu wa historia. Huku nilianza kwa kujaza nafasi za walimu wagonjwa. Unapigiwa simu alfajiri, unaambiwa shule fulani, unakurupuka na chai mkononi. Siku yangu ya kwanza Tottenham nilipewa darasa la watoto waliotoka shule ya msingi juzijuzi, na ukurasa mmoja wenye hadithi ambayo mwenye darasa alikuwa ameipanga. Niliisoma kwa mara ya kwanza nikiwa natembea kwenye ujia kuelekea darasani, kwa hiyo watoto na mimi tulikuwa karibu sawa.

Hadithi ilikuwa ya mfalme mmoja wa Kigiriki. Alikwenda kuuliza mahali patakatifu kama atapata mtoto wa kiume, akaambiwa hatapata, ila binti yake atazaa mwana, na mwana huyo atamuua babu yake. Mfalme akarudi nyumbani akamfungia binti yake ndani ya chumba cha shaba. Hata hivyo mtoto akazaliwa. Mfalme akawatia mama na mwana ndani ya sanduku, akawatupa baharini. Hawakufa. Miaka ikapita, mjukuu akawa kijana mwenye nguvu, na siku moja kwenye mashindano ya michezo akarusha kisahani cha chuma, upepo ukakichukua, kikampiga mzee mmoja aliyekuwa anatazama. Mzee yule ndiye mfalme.

Nilipomaliza, msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha alinyoosha mkono. "Miss," akasema, "kwa nini hakumpenda tu huyo mjukuu?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Mfalme alikuwa amejaribu shaba, kufuli, sanduku na bahari, na mtoto huyu alikuwa ameona kitu kimoja ambacho hakukijaribu. Nilirudi nyumbani Walthamstow nimekaa ghorofa ya juu ya basi, nikilitafuna swali lile, nikashuka nimeshaamua kwamba hii ndiyo kazi ninayoitaka.

Aliyenifundisha kuifanya alikuwa Kantibhai. Alizaliwa Kisumu, baba yake akiwa na duka la vitambaa, akaja London kijana na kusomea Kigiriki na Kilatini kwa sababu, alivyoniambia, kila mtu nyumbani alimtaka awe mfamasia. Alikuwa mkuu wa idara yetu, na idara yetu ilikuwa yeye, mimi na kabati. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu cha zamani, kimenyooka na kina kasi, na tulipokuwa hatutaki mwalimu mkuu atuelewe tulikitumia bila haya.

Kwenye kabati lile kulikuwa na vifaa vyake vyote. Kulikuwa na vyungu vya bandia vyenye picha nyeusi, kimoja kimevunjika na kugundishwa mara nyingi hata shujaa aliyechorwa pale alikuwa na goti mbele na goti nyuma. Kulikuwa na kibunda cha uzi wa sufu, cha kufundishia habari za wale wanawake watatu ambao Wagiriki waliamini wanashika maisha ya kila mtu. Mmoja anausokota uzi, wa pili anaupima, wa tatu anaukata. Kantibhai aliwaita watoto watatu mbele, akawapa uzi na mkasi, na akamwacha yule wa mkasi asimame kimya akiwatazama wenzake. Sijaona darasa likinyamaza vile kwa njia nyingine yoyote. Ushauri wa kiufundi: tumieni mkasi butu.

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, usimwambie mtoto kwamba watu wa kale walikuwa wajinga, kwa sababu ataamini na hatasikiliza tena. Ya pili, hadithi ya utabiri isimulie mpaka pale neno linapotamkwa, kisha funga kitabu. Waulize, "Wewe sasa umeambiwa. Utafanya nini?" Waache waandike. Nimekusanya majibu hayo miaka yote. Wengi wangekimbia. Baadhi wangemtafuta mganga mwingine awape jibu zuri zaidi. Mmoja aliandika kwamba angekula kwanza.

Wapo pia walioandika kwamba wangeuliza tena. Kantibhai aliwapenda hao. Aliwapa kama zawadi hadithi ya yule mfalme tajiri aliyetaka kwenda vitani, akatuma watu Delfi, kwenye hekalu la utabiri, akaambiwa kwamba akivuka mto wa mpakani ufalme mkubwa utaanguka. Akafurahi, akavuka. Ulioanguka ulikuwa wa kwake. "Aligharimika kwa kuuliza nusu swali," Kantibhai alikuwa akisema, na kupangusa ubao.

Alistaafu kabla yangu kwa miaka mingi, akaniachia kabati. Kwa hiyo nilipokutana na jambo gumu kuliko yote ya kazi yangu, alikuwa nyumbani kwake Kingsbury akipanda nyanya kwenye ndoo.

Jambo lenyewe lilikuwa la Pendo.

Pendo alikuwa binti wa miaka kumi na sita, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega. Mama yake alitoka Musoma na alifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Waliishi Walthamstow, si mbali na mwisho wa soko, kama mimi. Mama alimsemesha Kiswahili, mtoto akajibu Kiingereza, na walielewana vizuri tu. Katika wanafunzi wote niliowahi kuwa nao, Pendo ndiye aliyebishana na hadithi zile kana kwamba zilitokea mtaani kwao. Alitaka kuendelea nazo chuo kikuu. Mtihani wake wa taifa wa somo hilo ulikuwa kiangazi kilichofuata.

Wakati wa baridi akaanza kukosa shule. Siku moja hapa, siku mbili pale. Kisha nikagundua kitu cha ajabu. Kutoka Walthamstow kwenda Tottenham, basi linapita Ferry Lane, barabara iliyo katikati ya mabwawa makubwa ya maji, na mwishoni inavuka mto Lea. Ndiyo njia yangu ya kila siku, na tulizoea kukutana ghorofani. Sasa Pendo hakuonekana tena. Alikuwa anapanda treni ya chini ya ardhi kwa stesheni moja tu, na treni ikiwa na hitilafu, habaki na njia, anarudi nyumbani.

Nilimuuliza. Alitazama viatu vyake.

"Mum hataki nivuke maji," akasema. "Nabii kanisani aliona maji, Miss. Alimwambia anaona maji mengi na mimi nikiwa pembeni."

"Na wewe unaonaje?"

"Mwanzoni nilicheka." Mabega yake hayakusogea. "Sasa nikiwa bafuni nafungua mlango kidogo."

Sikumwambia kwamba treni ile inapita chini ya mto uleule. Mambo mengine mwalimu anayabeba mwenyewe.

Nilimwita mama yake shuleni. Mama Pendo alikuja akiwa bado na sare ya kazi, akakaa wima na mkoba magotini. Nilimkaribisha kwa Kiswahili, akalegea kidogo. Nikamweleza kwamba mtoto anarudi nyuma, mtihani uko mlangoni, na kwamba hofu inamla. Akasikiliza yote kwa adabu. Kisha, kwa kuwa nilijiona mjanja, nikamsimulia habari ya mfalme na chumba cha shaba. Nilitaka aone jinsi mtu anavyoweza kumfungia mwanawe bure.

Akaisikiliza mpaka kisahani cha chuma kikampiga mzee.

"Kwa hiyo yule aliyetabiri alisema kweli," akasema.

"Ndiyo, lakini..."

"Ngoja, Mwalimu. Hizo hadithi zako umefundisha miaka mingi. Kuna hata moja ambayo mtu alitabiriwa jambo na lisitokee?"

Nikafikiri. Nilizipitia zote kichwani, moja baada ya moja, huku saa ya ukutani ikigonga.

"Hakuna," nikasema.

"Hata mmoja hakuponyoka?"

"Hata mmoja."

"Sasa Mwalimu, mbona unaniambia mimi nisiogope?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka msaada. Akangoja. Kisha akaaga, akanishukuru kwa chai, akaondoka kuwahi treni.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kingsbury. Kantibhai alinikalisha jikoni, mkewe akaweka chai ya tangawizi na bakuli la chevda, vitafunio vikavu vya kukaanga, alivyovinunua barabarani pale, maana yeye, alisema, aliacha kukaanga siku mume wake alipoacha kazi, hivyo wote wawili wamestaafu. Nikamweleza Kantibhai yaliyotokea. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Huyo mama angekuwa darasani kwangu ningempa alama zote," akasema. "Amesema kweli. Neno likishatamkwa, linatimia. Hadithi zote ziko hivyo. Wewe ulidhani utamjibu nini?"

"Nilidhani ataona ujinga wa mfalme."

"Wakesho, wewe ulitaka kushinda ubishi. Mama yule hana ubishi. Ana mtoto." Akasukuma bakuli upande wangu. "Sasa sikia. Katika hadithi zile zote, mtu akisikia neno anafanya nini?"

"Anakimbia."

"Anakimbia peke yake. Yule anafunga mlango, yule anahama mji, yule anaficha kitu sandukuni. Hakuna hata mmoja anayekaa chini na mtu mwingine akasema, nimeambiwa hivi, naogopa, kaa na mimi. Hata mmoja, angalia kote. Kwa hiyo acha Wagiriki kabatini. Nenda kwa huyo mama, kaa naye. Muulize ameona nini yeye kwenye hayo maji."

Mkewe, aliyekuwa akiosha vikombe, akasema bila kugeuka, "Na usiende mikono mitupu."

Nilikwenda na mihogo ya sokoni. Mama Pendo aliishi kwenye nyumba ndogo juu ya duka la simu. Tuliimenya mihogo pamoja, na kwa muda mrefu tukaongea habari za bei, baridi na wazee anaowatunza, mmojawapo akimwita kila siku kwa jina la dada yake aliyekufa. "Na mimi naitika," akasema. "Inanipunguzia nini?"

Mihogo ilipokuwa motoni nikamuuliza. Akatazama kwanza upande wa ndani. Pendo alikuwa chumbani, mlango umefungwa.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Tulikuwa wawili tu kwa mama. Alikuwa anaogelea kuliko vijana wote wa Musoma. Siku hiyo wameshinda na wenzake majini, wakarudi wote, yeye hakurudi. Walipomtoa niliambiwa nikamtambue, mama hakuweza. Pendo hajui. Anajua tu kwamba alikuwa na mjomba."

"Nabii anajua?"

"Hapana. Hakuna anayejua hapa. Ndiyo maana aliposema maji, Mwalimu, mimi nikaona ya Musoma."

Sikuwa na hadithi ya kumpa, na kwa mara ya kwanza sikuitafuta. Nilimshika mkono uliokuwa na wanga wa mihogo. Baadaye, tulipokuwa tunakula, nikamuuliza jambo moja tu. Nabii alisema maneno gani hasa?

Akakunja uso, akikumbuka. "Alisema anaona maji mengi, na mtoto pembeni yake."

"Halafu?"

"Halafu nililia, wakaja wamama kunishika."

"Kwa hiyo hukusikia mwisho."

Akaweka chini kipande cha muhogo alichokuwa nacho, nikaona limeingia.

Nilijua kidogo kuhusu nabii huyo. Alikuwa Mkongo, mtu wa makamo, na siku za wiki aliendesha basi. Kanisa lao lilikuwa kwenye jengo la zamani la viwanda Tottenham, kati ya fundi magari na duka la vyakula vya nyumbani. Sikuwahi kumwona, na nisingependa mtu aliyesoma mpaka hapa amwone kama tapeli. Mama Pendo alimheshimu, na mambo yalivyokuja kutokea, alistahili.

Mtihani ukafika. Asubuhi hiyo nilitoka mapema kwenda kuwatuliza wanafunzi wangu, na nilipofika karibu na stesheni nikakuta watu wamejaa nje. Treni zimesimama. Mabasi yalikuwa yanapita yamefurika, hayafungui hata mlango. Katikati ya umati, karibu na uzio, alisimama Pendo na kalamu zake kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na mama yake kando, bado na sare, akipiga simu kuomba mtu wa kushika zamu yake.

"Mwalimu," akasema aliponiona, "hakuna treni."

"Nimeona."

"Hakuna basi."

"Tunaweza kutembea," nikasema. "Si mbali. Tutembee wote watatu."

Alimtazama binti yake. Binti aliitazama barabara, inakoshuka kuelekea mabwawani.

"Jumapili nilimuuliza nabii," Mama Pendo akaniambia ghafla. "Nilimngoja baada ya ibada. Nikamwambia, baba, yale maji, mtoto wangu atakufa? Akashtuka. Akasema, 'Mama, mie niliona maji, na mutoto iko pembeni. Kifo sikuona. Kama ningeona ningekuambia. Kifo umeona weye.'" Akashusha pumzi. "Akasema yeye mwenyewe anavuka pale kila siku na basi lake, na kwamba amekuwa akijiuliza kwa nini siku hizi Pendo hapandi tena."

"Basi twende?"

"Kichwa kinasema twende," akasema. "Miguu ndiyo haijamsikia nabii."

Tukaondoka. Mama alichukua upande wa maji, Pendo katikati, mimi upande wa barabara. Upande wangu ulikuwa na malori, ambayo hakuna nabii aliyeyataja.

Tulitembea vizuri mpaka majengo yalipoisha na mabwawa yakafunguka. Ilikuwa asubuhi ya upepo, maji yana mikunjo, mnandi, wale ndege weusi wa majini, wamekaa na mabawa wazi kama nguo zilizoanikwa. Pendo akapunguza mwendo. Kisha akasimama. Alishika uzio kwa mkono mmoja na hakuweza kusonga mbele wala kurudi.

"I can't, Mum," akasema. "Siwezi."

Nilimtazama mama yake. Naye alikuwa ameganda, macho kwenye maji, na nikajua yuko Musoma. Nikafikiri, sasa wote wawili watageuka, na huo ndio utakuwa mwisho. Kila nililotaka kusema lilikuwa ubishi.

Mama Pendo ndiye aliyesema.

"Huo mtihani," akamwambia mwanawe, "unahusu nini hasa? Sijawahi kukuuliza. Nisimulie moja. Tutembee unisimulie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mimi nakushika."

Pendo aliuachia uzio. Akaanza kwa Kiingereza, polepole, akipiga hatua ndogo kama mtoto anayejifunza kutembea. Alichagua hadithi ya mama na kigogo cha kuni. Palikuwa na malkia aliyejifungua mtoto wa kiume, na wale wanawake watatu wa uzi wakaja chumbani. Wakatazama kigogo kilichokuwa kinaungua mekoni, wakasema mtoto huyu ataishi mpaka kigogo kile kiishe kuungua.

"Yesu!" Mama Pendo akasema. "Akafanyaje?"

"Alikirukia, Mum. Alikitoa motoni kwa mikono, akakizima, akakifungia sandukuni."

"Vizuri. Ningefanya hivyohivyo. Halafu?"

"Mtoto akakua, akawa shujaa. Kisha siku moja wakiwa mawindoni akagombana na wajomba zake. Ndugu za mama yake. Akawaua."

Tulikuwa tumefika kati ya mabwawa, maji kushoto na kulia.

"Mama akaletewa maiti za ndugu zake," Pendo akaendelea, sasa kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa hadithi ilikuwa imemkamata. "Akalia sana. Alikuwa anawapenda sana. Akaenda akafungua sanduku, akatoa kile kigogo, akakiweka motoni. Na mwanawe kule alikokuwa akaanza kuungua ndani."

"Kwa ajili ya ndugu zake?"

"Ndiyo."

"Ambao wameshakufa?"

"Ndiyo, Mum. Wameshakufa."

Mama Pendo alisimama. Pendo akadhani anahitaji maelezo, akaanza kueleza kwamba kwa Wagiriki damu ya ndugu ilikuwa kitu kizito sana, na kwamba wanazuoni wanabishana kama malkia alikuwa na hiari. Mama yake hakuwa anamsikiliza. Aliyatazama maji upande wa kushoto, muda kidogo, kama mtu anayemwangalia mtu. Kisha akamgeukia binti yake, akamfunga vizuri kifungo cha juu cha shati la shule, ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

"Mtihani unaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu."

"Basi kaza mwendo."

Akamshika mkono, na wakaenda kwa kasi ambayo mimi, na magoti yangu, sikuiweza. Nilibaki nyuma nikiwatazama wakivuka mto Lea wakibishana juu ya yule malkia. Nilipowafikia walikuwa wameshapita daraja, na sidhani kama walijua.

Matokeo nitayasema upesi. Pendo alifaulu, si kwa alama za juu kuliko wote bali kwa zile alizozihitaji. Alisoma alichotaka kusoma, kisha akabadili njia, na sasa ni mwalimu, si wa Wagiriki, wa hesabu, jambo ambalo nimemsamehe. Mama yake bado anakwenda kanisa lilelile. Kantibhai nilimsimulia yote, akataka nirudie sehemu ya uzio mara mbili, na alifariki baada ya miaka kadhaa, akiwa na nyanya nyingi. Mkewe bado anapokea simu yangu kila Diwali. Mimi niliendelea na kabati langu mpaka mwaka huu, na nilipokabidhi ufunguo nilimwambia kijana aliyenirithi kanuni mbili za Kantibhai, na ya tatu, ambayo ni yangu. Mzazi akikuuliza swali usilo na jibu lake, nenda kwake na mihogo.

Lakini nataka kumaliza na siku ile ya mtihani.

Mama Pendo hakurudi kazini. Alikaa nje ya lango la shule, kwenye ukuta mfupi, mpaka watoto walipotoka. Pendo alikuja akicheka kwa mabega. Mchana mabasi yalikuwa matupu, na niliwaambia nitawaacha wachague njia. Mama akaelekea kituoni bila kusema, na basi lilipokuja akapanda moja kwa moja ghorofani, akakaa kiti cha mbele kabisa, penye kioo kikubwa. Pendo akakaa naye. Mimi nikakaa nyuma yao.

Tulipofika Ferry Lane na maji yakatokea pande zote mbili, Mama Pendo alianza kusema, kwa Kiswahili, akitazama mbele.

"Alikuwa anaitwa Magesa," akasema. "Mjomba wako. Alikuwa mdogo wangu."

Pendo akageuka.

"Alikuwa na masikio kama yako. Haya haya. Na alikuwa anaimba vibaya, jamani, Magesa alikuwa anaimba vibaya mpaka mwalimu wa kwaya akamwomba awe mpiga makofi tu."

Pendo akacheka, kisha akauliza, kwa Kiswahili chake kilichochubuka, "Alikuwa anapenda nini?"

Na mama yake akamwambia. Alimwambia kuhusu ndizi za kuchoma, na baiskeli ya babu waliyoivunja wakaificha, na jinsi Magesa alivyoogelea kwa mgongo akitazama mawingu. Alilia kidogo katikati na hakuacha kusema. Mabwawa yalipita, yakaisha, nyumba zikaanza tena, tukaingia Walthamstow. Kituo chetu kikaja. Nilikiona kinakuja, nikakiona kinapita. Katika sisi watatu hakuna aliyebonyeza kengele ya kushukia.